Nani hasa anakuona unapopakua filamu?

Mwaka 2008 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walifanikiwa kuifanya printa ilalamikiwe kwa wizi wa filamu. Mashine ya kawaida ya kuchapia karatasi, iliyounganishwa kwenye mtandao wa chuo, iliandikiwa malalamiko ya hakimiliki kana kwamba ilikesha ikipakua sinema. Kifaa cha Wi-Fi nacho kikapata barua yake. Watafiti wenyewe hawakupakua wala kusambaza faili hata moja, lakini malalamiko yaliyomiminika chuoni kutokana na majaribio yao yalifika mamia.

Nimeanza na printa hiyo kwa sababu imani iliyoenea huku kwetu ni kwamba kampuni inayokuuzia bando inakodolea macho kila unachokishusha: sinema hii, wimbo ule, mechi ya jana. Wengine hujibu kwa kujiamini, “Nani ana muda wa kuniangalia mimi?” Wote wawili wamepata nusu tu. Mara nyingi jicho haliko kwa mwenye waya, yaani kampuni ya intaneti. Jicho limeketi ndani ya umati unaopakua pamoja nawe, likijifanya mpakuaji kama wewe. Alichonacho mwenye waya ni kitu kingine, na mimi naona ndicho cha kuogopwa zaidi: daftari linaloonyesha kwamba anwani fulani, siku fulani, saa fulani, ilikuwa mikononi mwa mteja fulani. Ukishatenganisha jicho na daftari, kesi na sheria za miaka zaidi ya 20 zinazoonekana kama uzi uliojisokota zinaanza kunyooka.

Ubao wa darasani

Chukua darasa la chuo lenye wanafunzi 40 na kitabu kimoja. Badala ya wote kumpangia foleni mwenye kitabu, huyu anatoa kopi ya sura ya kwanza, yule ya tano, mwingine ya tisa. Kisha kila mmoja anaandika jina lake ubaoni na sura alizonazo. Anayehitaji sura ya tano anasoma ubao, anamfuata mwenye nayo, anatoa kopi, na jina lake nalo linapanda ubaoni. Baada ya saa chache darasa zima lina kitabu kizima, na yule wa kwanza anaweza kwenda zake kulala.

Hivyo ndivyo inavyofanya kazi BitTorrent, au torenti kwa mkato, mfumo alioubuni Mmarekani Bram Cohen mwaka 2001. Faili linakatwa vipande, kila anayepakua anakuwa pia msambazaji, na seva fulani hushika kazi ya ubao. Siku hizi ubao huo unaweza hata kutawanywa miongoni mwa washiriki wenyewe, pasiwe na seva yoyote ya kuzimwa. Mfumo wenyewe hauna dhambi. Kuna programu huria kubwa kubwa zinazosambazwa hivyo kila siku kwa ridhaa ya waliozitengeneza.

Lakini ubao hauwezi kufanya kazi bila majina. Kwenye intaneti jina ni anwani ya IP, ile namba inayoonyesha data irudishwe wapi. Kila aliyemo kwenye umati wa torenti anaziona anwani za wenzake, la sivyo asingejua aombe kipande kwa nani. Wenye filamu na muziki hawakuhitaji kibali cha kampuni ya intaneti wala mtambo wa kuchungulia. Walikodi kampuni za upelelezi, nazo zikaingia darasani, zikasimama mbele ya ubao na kunakili: anwani, tarehe, saa hadi sekunde, na alama inayolitambulisha faili. Nchini Marekani MarkMonitor ilifanya kazi hiyo kwa muda mrefu. Huko Australia, ushahidi wa wenye filamu uliletwa na DtecNet, na nchini Ufaransa kampuni ya TMG.

Tofauti iko kwenye bidii. Mpelelezi makini humwendea mwenye jina, akachukua kipande cha faili kutoka kwake na kuhakiki kwamba ni cha filamu inayodaiwa. Mvivu hunakili ubao akaondoka. Ni uvivu huo ambao watafiti wa Seattle waliunasa. Baadhi ya seva za wakati huo zilimruhusu mtu aandike ubaoni anwani isiyo yake, nao wakaandika anwani za printa. Barua zilipofika, ikawa dhahiri kwamba zilitumwa bila mtu yeyote kubisha hodi kuona nani yuko ndani.

Baada ya kunakili, mpelelezi anajua anwani ila hajui jina. Orodha ya anwani zipi zimegawiwa kampuni ipi iko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo anaandika barua kwa kampuni hiyo: anwani yenu hii, saa hii, ilikuwa ikisambaza filamu yetu. Kampuni inafungua daftari, inamtafuta mteja, inampelekea barua. Mteja anaona nembo ya kampuni yake juu ya karatasi na kuapa kwamba wamemchungulia. Hawakumchungulia. Walikuwa tarishi, ila tarishi mwenye daftari.

Daftari na aliyeandikwa humo

Waulize Watanzania na Wakenya wanaosoma Ujerumani. Kijana anafika na mazoea ya nyumbani, anafungua torenti usiku wa kwanza kwenye nyumba anayokaa na wenzake, na wiki kadhaa baadaye inafika bahasha kutoka kwa mawakili. Wajerumani wana neno lake, Abmahnung, onyo la kisheria lenye bili ndani. Linadai mamia ya euro, na linamtaka aliyeandikiwa asaini ahadi ya kutorudia ambayo itamfunga kwa miaka mingi mbele. Tangu Septemba 2008 sheria yao ya hakimiliki inampa mwenye kazi njia ya kwenda mahakama ya jimbo kuomba kampuni ya intaneti ifungue daftari na kutoa jina la mwenye laini. Kwa hiyo kupata jina hakuhitaji polisi wala upekuzi, kunahitaji ombi lililoandikwa vizuri na daftari ambalo bado halijafutwa.

Tatizo ni kwamba daftari humtaja mwenye laini, na laini haina vidole. Nyumba ya wanafunzi wanne ina mkataba mmoja na jina moja. Mwaka 2012 Ufaransa ilitoa hukumu ya kwanza chini ya sheria yake mpya ya hakimiliki mtandaoni, dhidi ya bwana mmoja wa upande wa mashariki ya nchi. Mkewe alikiri kwamba yeye ndiye aliyepakua nyimbo za Rihanna. Mahakama ikamtoza mume euro 150, kwa sababu sheria hiyo haikuuliza nani alibonyeza. Iliuliza nani alishindwa kuilinda laini yake. Anayeishi na wadogo zake, wageni, na jirani anayejua neno la siri la Wi-Fi, ataona hukumu hiyo ilivyo na makali.

Wamarekani waligombania daftari mapema zaidi. Umoja wa kampuni za rekodi, RIAA, ulitaka kampuni ya intaneti ya Verizon itaje wateja kwa hati ya karani wa mahakama tu, bila hakimu kuitazama kesi. Desemba 2003 mahakama ya rufaa mjini Washington ilikataa: njia hiyo ya mkato haikuandikwa kwa ajili ya kampuni inayopitisha data tu bila kuihifadhi. Wenye muziki wakalazimika kufungua kesi kwanza dhidi ya watu wasio na majina, halafu waombe majina kupitia hakimu. Kampuni ya intaneti haikuwa imetenda uzalendo wa ajabu. Ilikuwa inajilinda isigeuzwe ofisi ya masjala ya mtu mwingine bila malipo. Lakini mteja alifaidika.

Halafu kuna umri wa daftari. Ulaya ilipitisha mwaka 2006 agizo la kuzilazimu kampuni zihifadhi kumbukumbu za mawasiliano kwa muda wa miezi 6 hadi miaka 2, na Aprili 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikalifuta lote kwa kuingilia mno maisha ya watu. Miaka 10 baadaye, Aprili 2024, mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba mamlaka ya Ufaransa inaweza kupewa jina lililo nyuma ya anwani ya IP kwa makosa ya hakimiliki, kwa sharti kwamba kumbukumbu zitunzwe zikiwa zimetengwa, zisiweze kuunganishwa kuchora picha ya maisha ya mtu. Utaona kwamba ubishi wote huu hauhusu kuchungulia hata kidogo. Unahusu kitabu cha wageni: nani akitunze, kwa muda gani, na nani aruhusiwe kukifungua.

Walipojaribu kufungua bahasha

Haina maana kwamba hakuna aliyejaribu kuchungulia. Walijaribu, na visa vyao vinafundisha.

Data husafiri mtandaoni kama barua. Juu ya bahasha kuna anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, na bila kuisoma kampuni haiwezi kuifikisha. Ndani kuna yaliyomo. Kuna mitambo inayoweza kufungua bahasha zikiwa njiani, kwa kasi kubwa, kutambua aina ya mazungumzo, na ikibidi kulinganisha yaliyomo na hazina ya “alama za vidole” za nyimbo na filamu. Alama hizo huchorwa kutokana na mlio au picha yenyewe, hivyo kubadilisha jina la faili hakusaidii.

Mwaka 2007 wateja wa Comcast, kampuni kubwa ya Marekani, waligundua kuwa torenti zao zinakatika bila sababu. Shirika la habari la Associated Press likafanya jaribio lake, na faili lililochaguliwa lilikuwa Biblia, toleo la King James. Muunganiko ukakatwa. Mitambo ya Comcast ilikuwa ikitengeneza ujumbe bandia unaozifanya kompyuta mbili zinazozungumza ziamini kwamba mwenzake amekata simu. Comcast ilisema nia yake ilikuwa kupunguza msongamano, wala si kulinda hakimiliki. Tuseme hivyo. Bado mtambo uliweza kuona kwamba hii ni torenti na haukuweza kuona kwamba ndani yake ni maandiko matakatifu ambayo Mmarekani yeyote ana ruhusa ya kuyanakili. Agosti 2008 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliikaripia kampuni, na Aprili 2010 mahakama ya rufaa ikasema tume haikuwa na mamlaka ya kufanya hivyo.

Novemba 2009 Virgin Media ya Uingereza ilitangaza mpango wa kujaribu mtambo uitwao CView, uliotengenezwa na Detica, ambao ungefungua bahasha za takribani asilimia 40 ya wateja wake bila kuwaarifu mmoja mmoja. Lengo, kampuni ilisema, lilikuwa kukadiria ni kiasi gani cha muziki kinapita bila ruhusa, na takwimu zisingebaki na utambulisho wa mtu. Watetezi wa faragha wa Privacy International walipinga mara moja. Swali lao ni lile ambalo mtu yeyote angemuuliza tarishi: hata kama hutaandika jina langu, nani amekupa ruhusa ya kufungua barua yangu?

Kesi iliyolijibu swali hilo ilitoka Ubelgiji. SABAM, chama kinachokusanya mirabaha ya watunzi wa muziki huko, kilianza mwaka 2004 kuibana kampuni ya intaneti ambayo baadaye ilijulikana kama Scarlet. Hakikutaka majina ya wateja. Kilitaka Scarlet ifunge chujio litakalokagua mawasiliano yote ya wateja wote, wakati wote, kwa gharama ya kampuni, na kuzuia nyimbo za wanachama wa SABAM zisipite. Juni 2007 mahakama ya Brussels ilikubali: Scarlet ilipewa miezi 6, na baada ya hapo ingelipa euro 2,500 kwa kila siku ya kuchelewa. Teknolojia iliyotajwa ilikuwa ya Audible Magic, ile ya alama za vidole.

Scarlet ikakata rufaa, na suala likafika Luxembourg. Tarehe 24 Novemba 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hapana. Hoja zake zinastahili kusomwa taratibu. Kwanza, sheria ya Ulaya inakataza kumlazimisha mtoa huduma awe mlinzi wa kila kinachopita kwake. Pili, kampuni ina haki ya kufanya biashara bila kubebeshwa mtambo wa gharama kubwa usio na mwisho kwa faida ya mtu mwingine. Tatu, wateja wana haki ya taarifa zao binafsi na ya kupokea na kutoa habari, na chujio linaweza lisitofautishe halali na haramu. Hoja ya tatu ndiyo moyo wa jambo, hata ungekuwa na mtambo wa malaika. Alama ya kidole inaweza kusema “huu ni wimbo fulani.” Haiwezi kusema kwamba mpokeaji ameununua, kwamba mwalimu anatumia sekunde 30 darasani, kwamba hakimiliki imekwisha muda katika nchi hii ila si katika ile, au kwamba mtunzi mwenyewe ndiye anayemtumia mpiga gitaa wake. Ruhusa haimo ndani ya sauti. Imo kwenye makaratasi na makubaliano ya watu, na mtambo hauyaoni.

Miezi 3 baadaye, Februari 2012, mahakama hiyo ikairudishia SABAM jibu lile lile kuhusu Netlog, mtandao wa kijamii.

Kisha teknolojia ikaipita sheria. Leo sehemu kubwa ya mawasiliano husimbwa, yaani hugeuzwa fumbo lisilosomeka njiani, na ile kufuli ndogo kwenye kivinjari ndiyo dalili yake. Kampuni ya intaneti kwa kawaida bado inaona unatembelea tovuti gani, umekaa muda gani na umevuta data kiasi gani. Haioni ukurasa gani wala filamu ipi. Bahasha imepigwa lakiri.

Hapa ndipo wengi wanapotea. Wanasikia “imesimbwa” na kudhani wamefichika. Programu za torenti nazo zina usimbaji, na unamsumbua kweli mwenye waya. Ila haumhusu mpelelezi, kwa kuwa yeye ni mmoja wa hao unaozungumza nao. Umefunga mlango wa barabarani kwa komeo tatu, na mgeni uliyemkaribisha ameketi sebuleni akiandika. VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva zake kwanza, inabadilisha jambo moja: ubaoni linaandikwa jina la kampuni ya VPN badala ya lako. Daftari halikufutika, limehamia duka lingine, mara nyingi nchi nyingine, na unachobaki nacho ni neno la mwenye duka kwamba yeye haandiki.

Kumbana tarishi

Baada ya kushindwa kumfanya tarishi afungue barua, wenye hakimiliki waliamua kumbana kwa njia nyingine: basi awafukuze wateja wanaolalamikiwa.

Ufaransa ilitangulia mwaka 2009 kwa chombo kiitwacho Hadopi. Barua pepe ya kwanza, barua ya rejista ya pili, na ya tatu kukatiwa intaneti. Rasimu ya kwanza ilikipa chombo hicho chenyewe mamlaka ya kukata. Juni 10, 2009 Baraza la Katiba lililiondoa jino hilo, likisema kufikia intaneti ni sehemu ya uhuru wa kujieleza uliomo kwenye Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1789, na ni jaji pekee anayeweza kuugusa. Mwaka 2013 adhabu ya kukatiwa ikafutwa, na tangu Januari 2022 kazi za Hadopi zimeingizwa katika mamlaka mpya, Arcom. Kelele nyingi sana, na yule bwana wa euro 150.

Marekani ilichagua makubaliano ya kibiashara. Kampuni 5 kubwa za intaneti na wenye filamu na muziki waliafikiana Julai 2011, wakaanzisha Februari 2013 mfumo wa maonyo hadi 6: kwanza ya upole, baadaye yenye adabu kidogo kama kupunguziwa kasi. Januari 2017 ukazimwa. Mtu aliyezoea kupakua hakushtushwa na barua, na mtu mwenye aibu aliacha kwenye barua ya kwanza.

Huko Australia studio za filamu ziliishtaki kampuni ya intaneti ya iiNet ya Perth mwaka 2008 kwa kutowachukulia hatua wateja waliolalamikiwa. Aprili 20, 2012 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba iiNet haikuwa imeidhinisha makosa yao. Kampuni haikuwa na uwezo wa kuzuia faili moja; uwezo wake ulikuwa kukata mkataba mzima, na taarifa ilizoletewa hazikueleza zilivyopatikana kiasi cha kuitaka ichukue hatua hiyo nzito.

Kisha ikaja kesi ya Cox, kampuni ya intaneti ya Marekani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inamlinda mtoa huduma na fidia, na inasema wazi kwamba ulinzi huo hautegemei yeye kuwachunguza wateja. Ila inamtaka awe na utaratibu wa kuwaondoa wanaorudia rudia makosa, na autekeleze kwa dhati. Cox ilikuwa na utaratibu wa hatua nyingi kwenye karatasi. Mahakamani zikatolewa barua pepe za ndani zilizoonyesha wafanyakazi wakiwakata wateja na kuwarudisha kwa sababu wanalipa bili, na moja iliyoitukana sheria yenyewe. Desemba 2015 baraza la wazee wa mahakama liliipa BMG, kampuni ya muziki, dola milioni 25. Desemba 2019 baraza jingine likaipa Sony na wenzake dola bilioni 1 kwa kazi 10,017. Februari 2024 mahakama ya rufaa ikaifuta fidia hiyo na kuagiza ikadiriwe upya, na suala likapanda hadi Mahakama ya Juu ya nchi, iliyosikiliza hoja Desemba 2025.

Nina maoni yangu hapa. Naielewa hasira ya mwanamuziki anayeona kampuni inakusanya bili huku barua zake zikirundikana. Lakini adhabu ya mabilioni inamfundisha mwenye kampuni somo moja, kwamba ni salama zaidi kumkatia mteja kuliko kumsikiliza. Na ushahidi wenyewe ni ile karatasi iliyonakiliwa ubaoni. Hospitali, hosteli ya chuo au hoteli inaonekana ubaoni kama mteja mmoja mwenye makosa mengi.

Huku kwetu

Afrika Mashariki barua hizi ni adimu, na sababu si huruma ya wenye filamu.

Wizi wa kazi za sanaa wa hapa haupiti sana kwenye torenti. Unapita kwenye flashi. Kijana anaingia kibandani na memori kadi, analipa kidogo, anatoka na msimu mzima wa tamthilia, tena iliyotafsiriwa Kiswahili na sauti ya mtu mwenye vituko kuliko filamu yenyewe. Mwenye kibanda alishusha mara moja, wateja wake wote hawakugusa intaneti. Siku hizi yako pia makundi ya Telegram, ambako mwenye waya anachoona ni kwamba unatumia Telegram, basi. Ndiyo maana wenye haki huku hupigana na milango kuliko watu. Nchini Kenya MultiChoice ilizipeleka mahakamani Safaricom na Jamii Telecommunications ikitaka zifunge tovuti zinazorusha mechi bila kibali. Marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya yaliweka utaratibu wa mwenye kazi kumtaka mtoa huduma aondoe au afunge maudhui. Na Tanzania, ambayo Sheria yake ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasifika kwa ukali, inasema katika kifungu cha 39 kwamba mtoa huduma hana wajibu wa kuchunguza data anayoipitisha wala kwenda kutafuta dalili za makosa. Ni wazo lile lile la Luxembourg, limekaa kimya ndani ya sheria ambayo wengi wanaijua kwa sababu nyingine.

Sababu ya pili ni uhaba wa anwani. Mfumo wa zamani wa IP una anwani zipatazo bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na Januari 2020 AFRINIC, msajili wa anwani wa Afrika, iliingia katika awamu ya mwisho ya kugawa kwa kibaba akiba iliyobaki. Kampuni za simu zikafanya kama mwenye nyumba wa Kariakoo: vyumba vichache, wapangaji wengi. Wateja wengi kwa mamia hutoka nje wakiwa na anwani moja, na mtambo wa kampuni ndio unaokumbuka nani ni nani kwa kumpa kila mmoja namba ya mlango. Malalamiko yanayotaja anwani na dakika tu hayamfikishi mtu popote. Lazima yataje na namba ya mlango, na sekunde.

Lakini likifika jina, daftari la kwetu ni nene kuliko la Ulaya. Tanzania ilizifungia laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole kuanzia Januari 20, 2020. Kule Ujerumani daftari linataja mwenye mkataba wa nyumba. Hapa linataja mtu, kitambulisho chake cha taifa na kidole chake, hata kama simu ilikuwa mkononi mwa mpwa wake.

Kwa hiyo ukipokea barua ya namna hii, uwe Dar es Salaam, Mombasa au Leipzig, anza na saa. Wapelelezi wengi huandika kwa saa za dunia, UTC. “19:00” kwenye karatasi yao ni saa nne usiku kwetu, na ukiisoma kama saa moja jioni utamlaumu mtoto aliyekuwa ameshalala. Tazama kama kuna namba ya mlango. Tazama kama wanasema walipokea kipande cha faili kutoka kwako, au waliona anwani yako kwenye orodha tu. Na kama kuna karatasi ya kusaini, usiisaini kabla mwanasheria hajaisoma.